Nyama iliyooteshwa maabara na swali la damu ya mtoto wako

ILIKUWA Agosti 5, 2013, jijini London. Mbele ya kamera na waandishi wa habari, mpishi Richard McGeown aliweka kwenye kikaango kipande cha nyama ya kusaga chenye uzito wa gramu 140 hivi, kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Kilikuwa kimegharimu euro 250,000. Kwa fedha hizo mtu angenunua kundi zima la ng'ombe na bado akabakiwa na chenji ya shamba la kuwalishia.

Hakuna ng'ombe aliyechinjwa ili nyama ile ipatikane. Iliotesha­wa ndani ya maabara kwa miezi mitatu, kuanzia seli chache tu, na timu ya Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Aliyetoa fedha ni Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google.

Walioalikwa kuionja walikuwa wawili: Hanni Rützler, mtafiti wa masuala ya chakula kutoka Austria, na mwandishi wa Marekani, Josh Schonwald. Wote walikubali kwamba kinywani iko karibu kabisa na nyama. Rützler aliona haina majimaji ya kutosha, Schonwald akakosa mafuta. Hawakukosea, kwa kuwa ilikuwa misuli mitupu, bila mafuta ya mnyama hata chembe.

Kuna jambo jingine ambalo habari nyingi za siku ile zililipita haraka. Kabla ya kufika kikaangoni, nyama ile ilitiwa maji ya bitiruti na zafarani. Bila hivyo ingeonekana imepauka, na nani angeamini kuwa ni nyama ya ng'ombe?

Kwa mzazi, habari yenyewe iko hapo kwenye bitiruti. Wekundu wa nyama si pambo. Ni alama ya kitu ambacho watoto wengi wa Afrika Mashariki wanakikosa kwenye sahani zao, na ambacho hata profesa mwenye maabara ya kisasa amekuta si rahisi kukitengeneza.

Kutoka mishipa ya moyo hadi jikoni

Post hakuanza kazi akiwaza chakula. Ni daktari wa binadamu aliyejikita kwenye mishipa ya damu, na kabla ya kurudi kwao Uholanzi alifanya kazi Marekani katika vyuo vikuu vya Harvard na Dartmouth. Sehemu ya utafiti wake ilikuwa kuotesha mishipa ya damu kutokana na seli, ili mgonjwa ambaye mshipa wa moyo umeziba apate mwingine wa kupandikizwa.

Aliyelibeba wazo la nyama kwa miaka mingi ni Mholanzi mwingine, Willem van Eelen, aliyezaliwa Indonesia mwaka 1923. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa kwenye kambi za Wajapani na kuijua njaa kwa mwili wake mwenyewe. Vita ilipokwisha alikwenda kusoma Amsterdam, na huko aliona kipande cha msuli kikitunzwa hai maabara. Swali likamganda: kama msuli unaweza kuishi nje ya mnyama, kwa nini usikuzwe ukaliwa? Alizunguka na swali hilo kwa zaidi ya miaka 40 hadi alipopata hataza mwaka 1999. Serikali ya Uholanzi ilipokubali kugharimia utafiti huo katika miaka ya 2000, wanasayansi wa vyuo kadhaa waliingia, Post akiwa miongoni mwao. Van Eelen alifariki dunia mwaka 2015. Alikuwa ameishi vya kutosha kuiona ikikaangwa.

Tofauti ya watu hao wawili inafaa kuwekwa akilini. Van Eelen alisukumwa na njaa. Post anazungumza zaidi kuhusu shibe.

Hoja yake ni ya hesabu. Ng'ombe, anasema, ni mashine isiyo na ufanisi: mpe gramu 100 za protini ya mimea, atakurudishia takriban gramu 15 za protini ya kuliwa. Zinazobaki zimetumika kumfanya ng'ombe aishi, atembee, apumue na aote pembe. Katika nchi ambazo ng'ombe hulishwa nafaka na soya, chakula hicho kinatoka kwenye mashamba ambayo yangeweza kulisha watu moja kwa moja. Halafu kuna tumbo lenyewe. Ng'ombe anapocheua, vijidudu vilivyomo tumboni mwake hutengeneza gesi ya methani, inayochangia kuongeza joto la dunia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji kwa ujumla unachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu.

Lakini nani anakula nyama hiyo yote? Mmarekani mmoja, kwa wastani, hutumia zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka. Kwa Mtanzania au Mkenya wa kawaida hata kilo 20 hazifiki, na huo ni wastani unaochanganya mla nyama choma wa kila Ijumaa na familia inayoiona nyama siku ya sikukuu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, miongoni mwa makundi makubwa kabisa barani Afrika, na bado kuna watoto wanaokulia jirani na zizi huku sahani zao zikiwa na ugali na mboga za majani kila siku. Ng'ombe wa mfugaji wa Simiyu au Kajiado, kwa upande mwingine, halishwi soya. Anakula nyasi ambazo binadamu hawezi kuzila, kwenye ardhi ambayo mara nyingi haifai kwa mahindi. Hesabu ya gramu 100 kwa 15 haimkai vizuri.

Hata wanasayansi wenyewe hawajakubaliana kama nyama ya maabara itaipunguzia dunia mzigo. Mwaka 2011 Hanna Tuomisto, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, alikadiria kwamba ingeweza kupunguza gesijoto kwa asilimia 78 hadi 96 ikilinganishwa na nyama ya kawaida ya Ulaya. Miaka minane baadaye watafiti wengine wa chuo hicho hicho wakaonesha tatizo. Methani ya ng'ombe hukaa hewani kwa takriban miaka 12, lakini hewa ukaa inayotokana na kuzalisha umeme wa kuendeshea matangi hukaa kwa karne nyingi. Kama umeme huo unatokana na makaa ya mawe au gesi, nafuu ya leo inaweza kugeuka deni la wajukuu. Mwaka 2023 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilikwenda mbali zaidi: kama majimaji ya kukuzia seli yatasafishwa kwa kiwango cha dawa za hospitali, walisema, nyama hii inaweza kuchafua kuliko ng'ombe.

Seli zinazoamka msuli ukiumia

Mtoto akianguka na kuumia msuli wa paja, leo anachechemea. Wiki mbili baadaye yuko uwanjani anakimbiza mpira kama vile hakuna kilichotokea. Kazi hiyo ya ukarabati hufanywa na seli ndogo zilizojibanza pembeni mwa nyuzi za msuli. Wanabiolojia wanaziita seli setilaiti, na zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Kwa kawaida zimelala. Msuli ukichanika zinaamka na kugawanyika, kisha zinaungana na kuwa uzi mpya.

Ng'ombe naye anazo. Hapo ndipo Post anapoanzia. Mnyama hupigwa ganzi, hutolewa kipande kidogo cha msuli, kisha hurudishwa malishoni. Maabara, seli setilaiti hutenganishwa na kuwekwa kwenye majimaji yenye sukari, asidi amino, chumvi na vitamini, katika joto la nyuzi 37 hivi, linalokaribia joto la mwili wa ng'ombe.

Seli hizo hujiona kama zimo ndani ya msuli ulioumia, basi zinaanza kazi. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Mwendo huu unaonekana wa kobe mwanzoni, lakini ukiurudia mara 30 tu seli moja imekuwa zaidi ya bilioni moja. Kampuni ya Mosa Meat, ambayo Post aliianzisha mwaka 2016 pamoja na Peter Verstrate, inasema sampuli moja ya msuli inaweza kutoa baga 80,000.

Zikishakuwa nyingi, hubadilishiwa mazingira ili ziache kugawanyika. Hapo zinaanza kushikana na kuungana. Zikizungushwa kwenye nguzo ndogo ya jeli zinajipanga zenyewe kuwa pete, na pete hiyo huanza kujivuta. Hakuna anayezifundisha. Mvutano huo ndio mazoezi yao. Kama ilivyo kwa mtu anayebeba mizigo, msuli unaojivuta hujenga protini zaidi. Ile baga ya London ilikuwa na nyuzi kama 20,000 za aina hiyo, zilizokusanywa na kushikanishwa kwa unga wa mayai na chenga za mkate.

Kwa nini nyama ya kusaga na si steki? Jibu linarudi kwenye taaluma ya kwanza ya Post. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita huanza kukosa oksijeni. Steki yenye unene wa vidole viwili ingekufa katikati kabla haijakomaa, labda uipitishie mishipa midogo midogo ya kuleta chakula na kuondoa taka. Mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kuotesha mishipa kwa ajili ya moyo amejikuta akihitaji mishipa ile ile kwa ajili ya mlo wa jioni.

Kuna shida nyingine ambayo ng'ombe hana. Yeye ana kinga ya mwili, na bakteria wakiingia, damu yake inapambana nao. Seli zilizo kwenye tangi hazina mlinzi. Bakteria wachache wakipenya, tangi zima linamwagwa. Wasiwasi wa baadhi ya walaji kwamba seli zinazogawanyika hivyo huenda zikawa kama saratani una jibu fupi: seli za Mosa Meat ni za kawaida, hugawanyika mara kadhaa kisha huchoka na kukoma, na seli yoyote iliyopikwa imekufa, inameng'enywa tumboni kama nyama nyingine.

Damu ya ndama kwenye tangi

Yale majimaji ya kukuzia ndiyo yaliyokula fedha nyingi na kuleta maneno mengi. Kwa miaka mingi, maabara nyingi duniani zinazokuza seli zilitegemea seramu ya ndama ambaye hajazaliwa, yaani sehemu ya damu inayobaki baada ya kuganda. Hupatikana pale ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Kwa mtu anayesema anataka kuwaondolea wanyama kisu, hilo lilikuwa doa ambalo halifichiki, na Post hakulificha. Baga ya 2013 ilikuzwa kwa seramu hiyo.

Mwaka 2022 timu ya Mosa Meat ilichapisha katika jarida la Nature Food njia ya kuzifanya seli za ng'ombe zikomae kuwa msuli bila seramu. Hatua hiyo iligusa bei, kwa kuwa seramu ni ghali mno. Kwa familia za Kiislamu iligusa pia swali kubwa kuliko bei, kwani damu ni haramu.

Swali la uhalali lina sehemu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya damu. Ya pili ni seli zenyewe: kilichokatwa kutoka kwa mnyama aliye hai huhesabiwa sawa na mzoga, na njia ya Post inategemea kumkata ng'ombe kipande akiwa hai. Mwaka 2023 wanazuoni watatu wa sharia walioombwa maoni na kampuni ya Marekani ya GOOD Meat walisema nyama ya aina hii inaweza kuwa halali ikiwa seli zimetoka kwa mnyama anayeliwa na aliyechinjwa kwa utaratibu wa dini, na chakula cha seli hizo hakina najisi. Mapema mwaka 2024 kamati ya fatwa ya Singapore nayo ikasema nyama hiyo yaweza kuliwa kwa masharti yanayokaribiana na hayo. Kwa hiyo jibu linategemea nyama ipi na imekuzwaje.

Singapore ndiyo nchi ya kwanza kuruhusu iuzwe, Desemba 2020, na iliyoruhusiwa ilikuwa ya kuku. Marekani ilifuata Juni 2023. Italia iliipiga marufuku mwaka huo huo, na jimbo la Florida likafanya hivyo mwaka 2024. Barani Afrika, kampuni moja ya Afrika Kusini, wakati huo ikiitwa Mzansi Meat, ilionesha baga yake ya kwanza mwaka 2022. Kwenye bucha za Kariakoo au Burma, Nairobi, hakuna.

Wekundu unatoka wapi

Rangi ya nyama hutokana na protini iitwayo mayoglobini. Ni ndugu wa himoglobini, ile ya kwenye damu ambayo muuguzi hupima kliniki, na kama ndugu yake ina madini ya chuma katikati. Kazi yake ni kushikilia oksijeni ndani ya msuli. Ng'ombe anayetembea kutwa anaihitaji kwa wingi, ndiyo maana nyama yake ni nyekundu kuliko kidari cha kuku, ndege ambaye kuruka kwake ni mara moja moja.

Seli za maabara zinaletewa oksijeni tele na hazibebi uzito wa mnyama. Hazina sababu ya kuweka akiba. Zinatengeneza mayoglobini kidogo, na kwa hiyo zinabeba chuma kidogo. Bitiruti iliirudisha rangi, lakini haikurudisha chuma.

Watafiti wanalifanyia kazi. Wapo wanaozipunguzia seli oksijeni ili zishtuke na kuanza kujiwekea akiba. Mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, liliongeza mayoglobini moja kwa moja kwenye majimaji ya seli za ng'ombe. Rangi ikasogea karibu na ya nyama halisi, na seli zikakua vizuri zaidi.

Vitamini B12 ina kisa kinachofanana. Vitamini hii, inayohitajika katika kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, haitengenezwi na msuli wa ng'ombe. Hutengenezwa na bakteria walio kwenye tumbo lake kubwa, lile lile linalotoa methani, kisha huingia mwilini na kuhifadhiwa kwenye nyama na maini. Seli iliyo ndani ya tangi haina tumbo. Isipotiliwa B12 haitakuwa nayo. Na mimea haina vitamini hii; mtoto huipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, au kwenye vyakula vilivyoongezewa.

Kwa maneno mengine, kipande kinaweza kuwa nyama kwa jina, kwa ladha na hata kwa protini, huku kikikosa vitu viwili ambavyo vinaifanya nyama iwe na thamani ya pekee kwa mtoto. Kwa Mholanzi aliyeshiba chuma, pengo hilo halina uzito. Kwa mtoto wa miaka miwili wa Dodoma au Kisumu, ni suala zima.

Githeri ya Embu

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulikuta watoto watatu kati ya kila kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano wana upungufu wa damu. Sababu si chakula peke yake. Malaria, minyoo na selimundu vina sehemu yao. Lakini chakula kimo.

Kiasi gani cha nyama kinaweza kubadilisha kitu? Jibu mojawapo lilipatikana Kenya. Kuanzia mwaka 1998, Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walifanya jaribio katika shule 12 za msingi wilayani Embu. Watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza waligawanywa makundi manne kwa shule. Shule za kundi la kwanza zilipata githeri iliyotiwa nyama ya kusaga, gramu 60 mwanzoni na 85 baadaye. Za kundi la pili zilipata githeri na glasi ya maziwa. Za tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu iliyomo ilingane na ya wenzao. Za nne hazikupewa chakula shuleni; familia zilipewa fidia baadaye.

Miaka miwili baadaye, waliokula nyama walikuwa wamewapita wengine wote kwenye mtihani wa kufikiri kwa michoro, ule usiohitaji kusoma. Misuli ya mikono yao ilikuwa imeongezeka zaidi. Uwanjani, watafiti waliokaa pembeni na madaftari waliwaona wakicheza kwa nguvu na kuongoza michezo kuliko watoto wa makundi mengine. Maziwa nayo yalisaidia, hasa urefu wa watoto wadogo waliokuwa wamedumaa tangu mwanzo.

Kilichowashangaza wengi ni vipimo vya damu. Katika virutubisho vyote vilivyopimwa, kilichopanda waziwazi kwa watoto wa nyama na wa maziwa ni vitamini B12. Chuma hakikuonesha mabadiliko ya kuonekana. Eneo lile lilikuwa na malaria nyingi, na mwili unaopambana na malaria huficha chuma chake. Mzazi anayempa mtoto maini kila wiki huku chandarua kikiwa kimechanika huenda anapoteza nusu ya jasho lake.

Mchuzi kwa mtoto, mnofu kwa baba

Gramu 60 ni kipande kidogo, na si lazima kiwe cha ng'ombe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi sita hadi 23, linataka mtoto apate kitu kinachotokana na mnyama kila siku: nyama, samaki au yai. Dagaa waliosafishwa, wakakaushwa na kusagwa laini, wanaingia kwenye uji au mboga bila mtoto kusumbuliwa na miiba. Maini ya kuku yana chuma zaidi ya mara tatu ya nyama ya ng'ombe kwa uzito ule ule, na bei yake sokoni kwa kawaida iko chini. Kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha kwa mtoto mdogo.

Kuna tabia moja ya mezani ambayo biolojia ya msuli inaigusa moja kwa moja. Katika nyumba nyingi baba anapewa minofu, na mtoto anamwagiwa mchuzi juu ya ugali kwa imani kwamba nguvu yote imeingia kwenye supu. Mchuzi una ladha, chumvi na mafuta. Chuma kingi kimebaki kwenye mnofu, kwa sababu mayoglobini iko ndani ya nyuzi zenyewe na ikipata moto inaganda humo humo. Supu ya mifupa iliyochemka usiku kucha haibadilishi hilo. Vijiko viwili vya nyama iliyosagwa au kutwangwa na kurudishwa kwenye mchuzi ule ule vina chuma kuliko bakuli la supu.

Siku ambazo hakuna nyama wala samaki, maharage, choroko na mchicha vina chuma pia, ila mwili wa mtoto hukifyonza kwa shida. Limau, chungwa au nyanya mbichi kwenye mlo huo huo husaidia kifyonzwe zaidi. Chai hufanya kinyume. Kikombe cha chai ya rangi au ya maziwa pamoja na chakula huzuia chuma kilichomo. Kipande kidogo cha nyama au dagaa ndani ya maharage husaidia hata chuma cha maharage kufyonzwa. Maziwa ya ng'ombe ni mazuri kwa urefu, kama Embu ilivyoonesha, lakini yana chuma kidogo sana, na mtoto anayeshibishwa maziwa peke yake hukosa nafasi ya chakula kingine.

Mtoto ambaye viganja vyake vimepauka, anachoka haraka, au ameanza kula udongo, apelekwe kituo cha afya apimwe damu na malaria kabla ya kununuliwa dawa yoyote. Dawa za chuma zitolewe kwa kipimo alichoandika mhudumu na zifichwe mbali na watoto, kwani wakimeza nyingi ni sumu.

Huko Maastricht kazi inaendelea. Julai 2024 Mosa Meat ilifanya kikao chake cha kwanza cha kuonja nyama hiyo nchini Uholanzi kwa kibali rasmi, na Januari 2025 ikapeleka ombi lake la kwanza Umoja wa Ulaya. Hawakuomba kuuza msuli. Waliomba kuuza mafuta ya ng'ombe yaliyooteshwa kwa seli, ya kuchanganywa na vyakula vya mimea ili vipate ladha ya nyama, kile ambacho Schonwald alikikosa London mwaka 2013. Mafuta hayana mayoglobini.